Raba Nne Ambazo Sikuzikata

Nyinyi mliobaki pale yadi mmeniomba niandike, kwa sababu siku ya kuondoka nilikata raba juu ya meza ya chai nikatoka bila kueleza. Wengine mlisema mzee amerukwa na akili. Basi naeleza. Mimi ni Guyo wa paka, yule mwenye mkono usionyooka na sikio moja lililokufa. Nilisoma Korbesa mpaka darasa la tano, kisha mbuzi wakanihitaji kuliko mwalimu. Kiswahili nasoma na kuandika. Kiingereza najua namba na majina ya spana, basi. Hilo la Kiingereza mliweke akilini, maana lina kazi kubwa hapa mbele.

Habari za cheo na mshahara siandiki. Hazikuwa nyingi na hazifundishi mtu kitu.

Siku ya kwanza nilikuja Isiolo kutafuta kazi ya kulinda geti. Nilikuwa kijana, nina viatu vya tairi na fimbo. Nyuma ya geti kulikuwa na mzee wa Kimeru, mfupi, amevaa kofia ya sufu katikati ya jua la saa saba, na mbele yake juu ya meza ya chuma kulikuwa na kitu kirefu, kizito, chenye meno ubavuni na mapete meusi matatu tumboni.

"Wewe waria," akaniita kwa jina wanalotuitia sisi watu wa kaskazini, "unajua hii ni nini?"

"Bomba."

"Ya nani?"

"Ya wazungu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Umekosa mara mbili. Shika upande ule, inua."

Nikainua. Geti nikalisahau mpaka leo. Huyo ndiye Mzee Mutwiri, na kile kitu ndicho paka. Wageni walileta jina la packer, sisi tukalifupisha, na kwa vile ana kucha halikutusumbua.

Kwa wale wa ofisini watakaosoma hii karatasi, nieleze kidogo. Kisima cha mafuta au gesi kimevishwa bomba pana la chuma kutoka juu mpaka chini. Mkitaka kupima kilicho chini, au kukizuia, mnateremsha paka ndani ya hilo bomba, amening'inia kwenye mabomba membamba yaliyofungwa moja baada ya lingine. Akifika mahali pake, mnazungusha, mnamkalishia uzito. Meno yanatoka yanauma ukuta wa bomba asisogee. Raba tatu zinabanwa, zinafura, zinaziba. Chini yake kuna gesi. Juu yake kuna tope zito, na juu ya tope kuna watu wenye watoto. Katikati ya hao watu na ile gesi mna meno na raba tu, hakuna kingine.

Mzee alikuwa amefanya kazi hii nchi za watu kabla ya kurudi kwao. Alinifundisha kwa mikono, maana vitabu vya paka vyote viko kwa Kiingereza. Alinifundisha kupima meno kwa kidole gumba: yakikwaruza ngozi ni mazuri, yakiteleza yatupe. Alinifundisha kuvisha raba bila kuikunja. Raba mpya unaibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukiingia na alama ikarudi taratibu, raba ni hai. Ukucha ukikataa kuingia, raba imekauka, itapasuka kama soli ya kiatu cha zamani.

Alikuwa na kanuni tatu ambazo hazikuandikwa popote. Aliyemvisha paka ndiye anayepanda naye lori mpaka kwenye rigi, ule mtambo wa kuchimbia kisima, na anasimama pale paka akikalishwa. Alisema fundi akijua atasimama juu ya kazi yake, mikono inakuwa na adabu. Hiyo ni ya kwanza.

Ya pili ilikuwa chupa ya chai. Kabla ya kumfungua paka ni lazima kusawazisha. Kuna mlango mdogo kwenye paka, unaufungua kwanza, presha ya chini na ya juu zinakutana polepole mpaka ziwe sawa. Ukimfungua kabla, gesi iliyobanwa inamrusha pamoja na mabomba yote, na aliye juu haambiwi pole, anazikwa. Geji inaonyesha zikishakuwa sawa. Lakini Mzee hakuamini geji peke yake. Alikuwa na chupa ya chai ya kijani, ya lita moja, yenye kifuniko kilichoungua upande mmoja. Akishafungua ule mlango mdogo, anakaa juu ya ndoo, anamimina chai, anatugawia. Hakuna mtu kugusa bomba mpaka chupa iishe, hata kama geji imeonyesha sawa zamani.

Kuna wakati huko upande wa Merti paka alikataa kuachia, na mkubwa mmoja wa rigi akaja juu amewaka.

"Mutwiri! Rigi inasimama kwa sababu unakunywa chai?"

"Sinywi peke yangu. Lete kikombe."

"Geji iko sawa tangu saa nne!"

"Geji haina bibi na watoto," Mzee akasema, akamimina. Yule mkubwa akachukua kikombe. Paka akaachia jioni, mpole kama mbuzi aliyeshiba, na hakuna aliyekatwa hata ukucha.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Raba ikishashuka kisimani imemaliza kazi, hata ikitoka inang'aa. Joto la chini limeipika. Kwa hiyo ukiivua unaikata hapo hapo, kabla hujanawa mikono, kisu kipite mpaka upande wa pili. "Hapa Isiolo kitu kizima hakitupwi," alisema. "Ukiiacha nzima, kuna mtu ataipa kazi." Alikuwa na kisu cha kuchinjia kwa ajili ya hiyo kazi tu. Miaka mingi nilikata. Nilikata mamia.

Halafu nikaacha kukata nne.

Shemeji yangu Hassan, ndugu ya mke wangu, anauza maji hapa Bulapesa kwa mikokoteni miwili ya punda. Miti ya mkokoteni inamchubua punda begani, jeraha linaoza, nzi wanakuja. Siku moja alinikuta nyumbani na kipande cha raba nilichokuwa nimeweka chini ya mlango.

"Shemeji, hii mpira ikiwa nzima, pete kamili, si naweza kupitisha mti hapa katikati? Punda yangu itasema asante."

"Zinakatwa."

"Nani anakata mali nzuri hivi?"

"Mzee wangu."

"Mwambie punda anamsalimu."

Tulicheka. Lakini wiki iliyofuata paka alirudi kutoka kisimani na nikavua raba peke yangu, Mzee akiwa kwa daktari wa macho. Zilitoka nzuri, laini, bila ufa. Nikapaka kila moja alama ya rangi nyekundu kwa kidole, ili vijana wa kufagia wajue zina mwenyewe, nikazificha nyuma ya kontena la stoo. Kazi iliyofuata nikaongeza nyingine, zikawa nne: mikokoteni miwili, miti minne. Ya kwanza nikaitoa kwa mfuko, Hassan akaijaribu, akafurahi. Tatu zikabaki zikingoja nafasi ya kupita geti. Hiyo ndiyo dhambi yote ilivyoanza. Ilianza kwa bega la punda.

Sasa nataja watu. Meneja wa yadi alikuwa Ndirangu, na mpaka leo mnamwita bosi. Mtu wa stoo alikuwa Silas, ambaye siku hizi ana duka lake la vipuri na ananisalimu kwa mikono miwili.

Kulikuwa na kisima cha kupima, mbele ya Korbesa, ninakotoka mimi. Raba mpya zilikuwa zimekuja mapema, kwenye boksi lake, na kwenye boksi kulikuwa na mchoro wa jua lililopigwa mstari. Huo mchoro hata mtu wa darasa la tano anauelewa. Silas aliliweka boksi ndani ya kontena la chuma, juu kabisa chini ya bati, na likakaa huko kiangazi chote. Mnajua lile kontena saa nane mchana. Ukiacha yai humo unakula.

Mzee alifungua boksi, akabonyeza ukucha. Ukucha ukakataa. Akabonyeza ya pili, ya tatu. Akaniita nibonyeze na mimi.

"Silas," akasema, "umenichomea watoto."

"Mzee, zina tarehe nzuri. Angalia karatasi."

"Karatasi haishuki kisimani."

Akaenda kwa Ndirangu, akaagiza zingine kutoka Nairobi, siku nne. Ndirangu akakubali kwa mdomo. Kisha rigi ikamwita Mzee mapema aende akapime mabomba, na akaniachia mimi paka. "Zikifika, mvishe, panda naye. Nakungoja huko."

Siku nne zikapita, hakuna raba. Ya tano asubuhi Ndirangu akaja karakana na simu sikioni. Huko kwenye simu mtu alikuwa akimfokea, tulisikia sisi sote. Alipomaliza akazunguka kontena, nafikiri alitaka tu kuvuta sigara bila kuonekana. Akarudi amebeba mapete matatu yenye alama nyekundu.

"Hizi ni nini?"

Nikainama kumpangusa paka.

"Guyo, naongea na wewe. Hizi si nzima?"

"Zimeshuka kisimani, bosi."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kiatu ukivaa mara moja unatupa?" Silas akacheka. Ndirangu akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, ile ya rafiki. "Na zilikuwa zinafanya nini nyuma ya stoo? Nani aliziweka?"

Hapo alinishika. Mali ya kampuni, imefichwa, ina alama ya kidole changu. Hakusema atanifukuza. Aliniangalia tu, akaziweka mezani.

"Osha. Valisha. Lori inaondoka saa sita."

Nikaziosha kwa dizeli. Sikilizeni hapa, nyinyi mafundi. Dizeli inalainisha raba kwa juu. Ilipokaa kwenye beseni kwa saa mbili ilifura kidogo, ikawa nyeusi, inang'aa, ukucha unaingia na alama inarudi. Nikasugua rangi nyekundu, ikatoka, ila kwenye mfereji wa ndani ikabaki kidogo. Silas akachukua fomu, akaandika namba za zile raba zilizoungua kwenye boksi, kana kwamba ndizo nilizovisha. Namba nilizisoma. Nilijua ni za boksi. Nikatia saini.

Barabara ya kwenda Merti mnaijua. Nilikuwa na saa nyingi za kufikiria, paka amelala kwenye lori nyuma yangu amefunikwa turubai kama mgonjwa. Nilipanga maneno. Nilisema nikimwona tu nitamwambia, atanitukana, atarudisha lori, basi. Tulipofika alikuja mwenyewe kufungua turubai, kofia yake ile ile.

"Habari ya njia?"

"Nzuri, Mzee."

"Raba zimefika?"

Nikasema, "Zimefika."

Neno moja. Nimelipima miaka yote hii na sijapata kitu kizito kama hilo. Akabonyeza ukucha, ukucha ukaingia, alama ikarudi. Akanipiga begani. "Umemvisha vizuri." Hakuwa na sababu ya kutafuta zaidi. Alimfundisha mtu, na mtu akamwambia zimefika.

Paka akashuka. Asubuhi ya pili akakalishwa, meno yakauma, tukapiga presha juu yake, ikashika. Nikapumua. Nikajiambia Ndirangu alikuwa sawa, kiatu cha kuvaa mara moja bado ni kiatu. Kazi ilikuwa kungoja mpaka alasiri, kisha Mzee asawazishe, amfungue, tuondoke. Akajaza chupa yake chai jikoni, akaiweka karibu na ngazi ya kupandia jukwaa, tayari kwa wakati wake.

Nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri. Nikamkuta Mzee amesimama kwenye chujio, lile la kutetemeka ambalo tope linapitia likitoka kisimani. Alikuwa ameinama. Kwenye wavu kulikuwa na vipande vyeusi, vidogo kama punje za kahawa, kisha kimoja kikubwa kama kidole. Akakichukua, akakipangusa kwa suruali, akakikunja. Kikavunjika. Ndani yake kulikuwa na mstari mwekundu.

Alijua ile rangi. Ndiyo rangi niliyopakia alama kila kitu changu, mpaka kofia yangu.

"Guyo," akasema. Hakupaza sauti. "Hizi ulizitoa wapi?"

Nikafungua mdomo. Hakungoja. Tope lilikuwa limeanza kuchemka kwenye chujio, na kwa mtu kama yeye hiyo ilitosha. Alikimbia, mzee wa miaka sitini na kitu, akapanda ngazi akipiga kelele: "Funga! Funga kisima! Watu washuke!" Drila, yule anayeendesha rigi, akafunga. Watu watano wakashuka mbio, wakanipita kwenye ngazi, mmoja alipoteza kiatu. Mzee alibaki juu akimsukuma wa mwisho. Raba zilikuwa zimekwisha huko chini, gesi ikamsukuma paka, meno yakaachia, na bomba likaruka. Halikuruka sana. Liliruka kiasi cha urefu wa mtu, lakini lilibeba lile koleo kubwa la chuma linaloning'inia, na koleo likazunguka likampiga Mzee.

Mimi nilikuwa katikati ya ngazi, nikielekea juu. Nilianguka, ngazi ikanivunja mkono, na mlio wa gesi ukachukua sikio. Nilipoamka nilikuwa chini, mdomo umejaa tope, na mbele ya uso wangu kulikuwa na ile chupa ya kijani. Niliishika kwa mkono mzima. Ilikuwa nzito. Ilikuwa imejaa mpaka juu.

Mzee Mutwiri alikufa pale jukwaani kabla gari halijawashwa. Vile vipande vya raba vilifagiwa siku hiyo hiyo, vikatupwa kwenye shimo la kuchomea taka. Nani aliamuru? Ndirangu, kwa simu, kutoka Isiolo. Aliyefagia aliniambia mwenyewe.

Hospitalini Ndirangu alikuja na maziwa ya pakiti na karatasi.

"Pole, Guyo. Mungu mkubwa. Hii ni ya bima, inasema tu ulikuwepo."

"Imeandikwa nini?"

"Nimekuambia, bwana. Ulikuwepo au hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi weka saini, nisikuchoshe."

Nikaweka. Mkono wa kulia ulikuwa mzima.

Nilipotoka, wiki ya tatu, nilipanda mlima mpaka kwao Mzee kumpelekea mjane wake ile chupa. Sikuwa nimeifungua, niliona si yangu kufungua. Tulikaa jikoni kwake. Aliifungua, harufu ya maziwa yaliyoganda ikajaa nyumba, akaimwaga nje kwenye migomba polepole mpaka tone la mwisho. "Hakunywa," akasema. "Hata kikombe kimoja." Kisha aliniangalia kwa muda mrefu sana. Nilidhani ni uchungu wa kufiwa. Nikanywa chai yake, nikala ndizi zake, nikaaga.

Baada ya miezi kadhaa picha ya Mzee ilitundikwa yadi, pale mlangoni tunapochukua kofia za chuma. Anacheka, kofia ya sufu. Chini yake kuna maneno makubwa ya Kiingereza. Nilisema, angalau wamemheshimu. Na kila asubuhi, miaka yote, nikipita kuchukua kofia nilikuwa nasema, "Habari ya asubuhi, Mzee." Nyinyi vijana mlikuwa mnachekelea. Nilidhani mnamcheka mtu anayeongea na picha. Sikuwalaumu.

Mpaka alipokuja Darmi, karani mpya wa stoo, mama mwenye watoto wake, Mborana mwenzangu. Siku ya tatu alinisikia nikisalimu. Hakucheka.

"Abba Jilo," akasema, kwa jina la mwanangu wa kwanza kama inavyotakiwa, "huyu alikuwa nani kwako?"

"Mwalimu wangu."

"Na unajua imeandikwa nini hapo?"

"Si ni jina lake?"

Akatazama chini. "Jina halipo. Imeandikwa: Huyu alifungua paka bila kusawazisha presha. Alikuwa na haraka. Usiwe kama yeye."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia mara ya tatu akakataa.

Kesho yake akaniita stoo, akafunga mlango, akatoa faili. Ripoti ilisema hivyo hivyo, kwa urefu: Mzee alimfungua paka mapema, raba zilikuwa mpya, namba hizi hapa. Mwisho kulikuwa na shahidi aliyeona kwa macho yake. Saini ilikuwa yangu. Nakala, Darmi akanionyesha, ilipelekwa kwa familia.

Hapo ndipo nilijua yule mama alikuwa anatazama nini jikoni kwake. Alikuwa anamtazama mtu aliyeandika kwamba mume wake alikuwa na haraka, huyo huyo akimletea chupa iliyojaa.

Nikaenda kwa Ndirangu. Sikugonga.

"Ile picha. Toa yale maneno."

"Maneno gani?"

"Kwamba hakusawazisha. Chupa ilikuwa imejaa, Ndirangu! Hakuwa ameanza hata kugusa!"

Akaegemea kiti. "Miaka yote hii, Guyo, ndiyo unasoma leo?" Akangoja niumie, nikaumia. "Hii mambo imefungwa. Ukitaka tufungue, sawa, tufungue. Tutaanza na raba zilifichwa na nani. Saini ya fomu ni ya nani. Saini ya ripoti ni ya nani. Mimi sina saini popote. Angalia mwenyewe. Ah, pole, ni Kiingereza."

Nilitoka. Nawaambia ukweli, nilinyamaza tena. Nilikuwa nimebakisha miezi nane kumaliza. Miezi nane nilipita pale mlangoni nikichukua kofia bila kusalimu, maana sikuwa na uso wa kumsalimu.

Siku ya mwisho mlinipikia chai, mkaleta keki. Asubuhi ile kabla ya kuja nilipita kwa Hassan. Mkokoteni ulikuwa umefungwa tayari, punda ana madumu.

"Shemeji, nipe ile raba."

"Ipi? Hii? Miaka yote punda hajachubuka, leo unataka?"

"Nipe."

"Na bega yake?"

"Mfunge gunia."

Alinung'unika mpaka alipoona uso wangu. Akaifungua. Imeliwa na jua, imepasuka, ina manyoya ya punda, lakini ndani ya mfereji alama ya kidole changu bado ipo, nyekundu.

Ndirangu alikuwa katikati ya hotuba yake, anasema mimi ni mfano wa uaminifu. Nikaiweka mezani karibu na keki. Akaiona, akaona rangi, akanyamaza katikati ya neno. Nyinyi wote mliona alivyonyamaza, sikuota. Nikachukua kisu cha keki. Kilikuwa butu, raba imekuwa ngumu, nilikata muda mrefu kwa mkono huu mmoja, mpaka kisu kikapita upande wa pili. Nikanawa mikono pale kwenye bomba la nje. Nikaondoka.

Hiyo ndiyo maana yake. Mzee Mutwiri hakumfungua paka. Chupa yake ilikuwa imejaa. Raba zilikuwa za zamani, Ndirangu aliamuru zivishwe, Silas aliandika namba za uongo, na mimi nilivisha, nikatia saini mara mbili, na nilipoulizwa nikasema zimefika. Watu watano waliteremka ile ngazi wazima kwa sababu yeye alibaki juu. Wawili kati yao bado mko nao hapo yadi, waulizeni.

Picha msiitoe. Yale maneno ya chini yafunikeni na karatasi hii. Darmi ana nakala, atawasomea wasioweza. Nakala nyingine naipeleka mlimani keshokutwa, kijana wake atamsomea mama. Akinifukuza nitaondoka. Chai yake sitainywa mpaka asomewe kwanza.

Na kwa sababu mtu aliniuliza swali na akafa sijajibu: nyuma ya kontena, Mzee. Nilizificha mimi. Zilikuwa za punda.